Mbuzi ya Nazi na Mgongo wa Shangazi: Kisa Kimoja cha Kano Kuteguka, Ngamiani

Shangazi yangu anauza mbaazi za nazi na maandazi mlangoni kwake, Ngamiani, hapa Tanga. Ana miaka 52, anatumia dawa za presha, na maisha yake yote hajawahi kulazwa ila kwa kujifungua. Kisa hiki ni cha mgongo wake. Ameniruhusu nikieleze chote, mradi nisitaje jina lake wala namba ya barabara anayokaa. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, lakini humu nilikuwa mtoto wa kaka yake kwanza. Nililala kwake, nikala kwake, nikaona yale ambayo mgonjwa hawezi kuja nayo kliniki: kigoda, choo, beseni la unga, na saa anayoamka.

Siku yenyewe, wiki mbili baada ya Idi, aliamka saa kumi alfajiri kama kawaida. Mbaazi alikuwa ameshazichemsha tangu usiku, zilikuwa zinangoja tui. Akakaa juu ya mbuzi, akakuna nazi 10 mfululizo, kama dakika 40, mgongo umejikunja na magoti yako juu karibu na kifua. Alipomaliza alisimama, akageuza kiwiliwili bila kusogeza miguu, akanyanyua ndoo ya lita 20 iliyokuwa nyuma yake. Anasema kitu kilifyatuka upande wa kulia, juu kidogo ya nyonga. Ndoo ilimponyoka. Yeye akabaki ameshika ukuta, hawezi kunyooka wala kukaa, mpaka binti yake alipotoka chumbani.

Siku nne zilizofuata kila aliyeingia alikuja na lake. Alikandwa kwa maji ya moto na chumvi, akachuliwa kwa mafuta ya karafuu, akafungwa kibwebwe cha kanga mbili. Jirani mmoja alitaka kumkanyaga mgongo kwa unyayo ili "kuurudisha", na namshukuru Mungu binti alikataa. Alichomwa sindano mbili za diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Zaidi ya yote alilazwa kitandani na kukatazwa kuinuka. Hata chai alinyweshwa amelala. Siku ya 4 alipelekwa mahali akapigwa picha ya eksirei, akaambiwa pingili zimesagika na kwamba asiiname tena maisha yake yote. Nilipomkuta siku ya 5, maneno hayo yalikuwa yanamuumiza kuliko mgongo. "Mwanangu," aliniambia, "asiyeinama atapikaje?"

Nilianza kwa kumuuliza mambo ambayo, angejibu ndiyo hata kwa moja, nisingegusa mgongo wake. Ningempeleka hospitali ya Bombo saa ileile. Je, mkojo au haja kubwa imekutoka bila kujua, au imeziba? Kuna ganzi mahali pa kukalia, kati ya mapaja? Mguu mmoja unakuwa mzito, unaburuta, unakosa nguvu? Kuna homa, jasho la usiku, kupungua mwili bila sababu, kikohozi cha wiki kadhaa? Umewahi kutibiwa saratani? Umeanguka kutoka juu? Maswali ya homa na jasho huku kwetu sitaki mtu ayaruke. Kifua kikuu hukaa pia kwenye pingili za mgongo, na huanza taratibu sana. Mgonjwa anaweza kuchuliwa miezi mingi huku mfupa unaliwa. Shangazi alijibu hapana kwa yote. Nikampima: alitembea kwa visigino, akatembea kwa ncha za vidole, hisia za miguu zilikuwa sawa. Nilipomnyanyua mguu ulionyooka akiwa amelala chali, maumivu hayakushuka chini ya goti. Kilichomuuma ni kuinama hadi mwisho, kuinuka baada ya kukaa sana, na kubonyezwa kwa kidole sehemu moja, upande wa kulia wa uti wa mgongo, karibu na mahali pingili ya mwisho inapokutana na nyonga.

Kwa lugha ya mtaani huo ni "mshipa umeshtuka". Neno mshipa linabeba mengi mno: wa damu, wa fahamu, msuli, hata ngiri. Mimi nilimweleza kwa neno kano. Kano ni kamba ngumu zinazofunga mfupa na mfupa. Mgongo wa chini una pingili 5, na zimefungwa kwa kano mbele, nyuma, kati ya miiba unayoipapasa ukipitisha mkono mgongoni, na nyingine zinashika pingili za mwisho kwenye mfupa wa nyonga. Misuli ina damu nyingi na hupona upesi; kano zina damu kidogo na huenda polepole. Hakuna kidole cha mtaalamu kinachoweza kutenganisha kwa uhakika kano iliyovutika na msuli mdogo ulio juu yake, na picha ya eksirei haionyeshi kano hata kidogo. Lakini jinsi jeraha lilivyotokea, mahali lilipo na mwendo unaoliumiza vyote vilielekeza huko, na tiba ya mwanzo ni ileile.

Kuhusu "kusagika" nilimwambia ukweli. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti 33 za picha za ndani ya mwili, CT na MRI, kwa watu wasioumwa mgongo kabisa, zaidi ya 3,000. Kwenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zilizochakaa. Kwenye miaka 50, asilimia 80. Ni kama mvi. Ukimpiga picha mtu wa miaka 52 utaziona, aumwe asiumwe. Kumwambia mama anayeishi kwa mikono yake kwamba asiiname tena, kwa sababu ya mvi za ndani, ni kumvunja bila sababu, na naliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko sindano.

Nazi 10 shangazi hukuna tangu akiwa msichana, na ndoo ya lita 20 hunyanyua kila siku. Kwa nini mgongo ulifyatuka asubuhi ile?

Tazama mambo mawili yaliyokutana. La kwanza ni mkao wa mbuzi. Ukikaa chini umejikunja, misuli ya mgongo hupumzika, na uzito wote wa kiwiliwili hubaki umening'inia kwenye kano za nyuma. Kano ikivutwa muda mrefu hulegea, kama ukili uliolowa. Watafiti McGill na Brown walilipima jambo hili mwaka 1992: watu walikaa wamejikunja kabisa kwa dakika 20, kisha wakasimama. Baada ya dakika 2 ni nusu tu ya ukakamavu wa mgongo iliyokuwa imerudi, na uliobaki ulichukua zaidi ya nusu saa. Shangazi alikaa dakika 40, akasimama, akanyanyua kilo 20 papo hapo huku amejipinda.

La pili ni saa. Usiku tukiwa tumelala, diski zilizo kati ya pingili hufyonza maji na kuvimba. Ndiyo maana mtu huwa mrefu asubuhi kwa sentimita moja hadi mbili, kisha hufupika kutwa nzima. Diski iliyojaa maji huufanya mgongo kuwa mgumu kujikunja. Watafiti Adams, Dolan na Hutton walionyesha mwaka 1987 kwamba kuinama asubuhi na mapema huongeza msongo wa diski kwa kadiri ya asilimia 300, na wa kano za mgongo kwa asilimia 80. Na mama wa Pwani anayeuza chai ya asubuhi, mkao wake wa kujikunja kuliko yote unaangukia saa ileile ambayo mgongo wake hautaki kukunjwa. Tangu nilipoliona hili kwa shangazi, nimekuwa nikimuuliza kila mama lishe anayekuja kwangu na kiuno: nazi unakuna saa ngapi?

Kazi ya kwanza ilikuwa kumtoa kitandani, na haikuwa rahisi, kwa kuwa wanaompenda ndio waliomlaza. Niliwakusanya barazani nikawaeleza habari ya Helsinki. Mwaka 1995 watafiti wa Finland waliwagawa wafanyakazi 186 wa jiji hilo waliopatwa na maumivu ya mgongo ya ghafla: kundi moja lilale siku mbili, la pili lifanye mazoezi maalumu ya mgongo, la tatu liendelee na shughuli zake kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona mapema ni wa kundi la tatu, na waliochelewa zaidi ni waliolala. Nilisisitiza hayo "maumivu yanavyoruhusu". Shangazi hakuambiwa abebe ndoo. Aliambiwa kila saa anayokuwa macho atembee kutoka uani mpaka barazani na kurudi, mara mbili, taratibu, bila kibwebwe. Kibwebwe nilimwachia kwa siku chache za kusimama jikoni tu. Mtu akikizoea, anaanza kuamini kuwa mgongo wake hausimami bila kamba.

Dawa zilikuwa fupi. Diklofenaki ilikoma siku hiyohiyo, maana dawa za kundi hilo hupandisha presha na kuumiza figo, na hatari huongezeka zaidi zikichanganywa na baadhi ya dawa za presha. Alibaki na parasetamoli usiku ili apate usingizi, nami sikumdanganya kuwa inaponya: utafiti mkubwa wa Australia wa mwaka 2014 haukuona ikiharakisha kupona. Maji ya moto yaliendelea, bila kuunguza, kwa kuwa yanatuliza. Mafuta ya karafuu pia, kwa mkono mwepesi. Tiba inayotuliza na haidhuru sioni sababu ya kumnyang'anya mtu.

Nyumba ndiyo iliyohitaji kutibiwa zaidi. Kitanda chake kilikuwa kirefu cha kutosha, lakini alikuwa anainuka kwa kujikunja moja kwa moja kutoka chali, na kila mara anapiga kelele. Tulijifunza: geuka ubavu kwanza, mabega na nyonga kwa pamoja, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Usiku mto kati ya magoti. Choo chao ni cha kuchuchumaa, na mkao ule siku za mwanzo ulikuwa unamrudisha nyuma mara tatu kwa siku. Akaanza kujizuia, akafunga choo, na kukamua kukamwongezea maumivu. Tulinunua kiti cha plastiki, tukakata tundu katikati, tukakiweka juu. Maji mengi, mapapai, mchicha. Ni jambo dogo, lakini ndilo lililompa usiku wa kwanza wa kulala.

Sala ilikuwa mzigo wa moyoni. Alikuwa anajilazimisha kwenda rukuu na sijida huku machozi yanamtoka, akiona aibu kumwambia mtu. Mzee mmoja wa msikiti wa jirani alikuja kumjulia hali, akamkumbusha kwamba mgonjwa ana rukhsa ya kusali ameketi. Kwa maneno yangu mimi asingekubali. Alisali kwenye kiti, akiashiria kwa kichwa, na tukakubaliana kuwa sijida ndiyo itakayokuwa kipimo chetu: siku atakayoweza kwenda chini na kurudi bila kushika kitu, tutajua tumefika.

Mazoezi tuliyaanza siku ya 7. Nilitaka kumfundisha kutikisa nyonga akiwa amelala chali, magoti juu: kuubana mgongo chini, kuuachia, polepole. Nikaanza kueleza kwa maneno ya darasani, akanitazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aumie, akafanya vizuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumuona. Mwanamke wa Pwani aliyefunzwa kukata kiuno ana utawala wa nyonga ambao wagonjwa wengine huwachukua wiki kuupata. Basi tukatumia kiuno chake: miviringo midogo, kwanza amelala, kisha amesimama ameshika dirisha, asubuhi na jioni, akikomea maumivu yanapoanza. Wiki ya pili tuliongeza lile la kupiga magoti na viganja chini, kunyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kuhesabu 8, kubadilisha. Kisha kulala ubavu na kujiinua kwa kiwiko, magoti yamekunjwa.

Somo gumu lilikuwa kuinama upya. Nilimwekea mti wa fagio mgongoni, uguse kisogo, katikati ya mabega na mfupa wa makalio, kisha ainame huku mti haujaachana na sehemu hizo tatu. Maana yake makalio yanakwenda nyuma, magoti yanalegea, mgongo unabaki ulivyo. Alikuwa anafanya mara 10 kila alipopita kwenye korido. Binti yake akaanza kumwiga.

Siku ya 19 palikuwa na harusi mtaa wa pili. Shangazi alikuwa anajisikia vizuri, anatembea mpaka sokoni, na maumivu yamekuwa kama kivuli. Akaniambia anakwenda "kukaa tu". Lakini mwanamke wa Ngamiani hakai tu kwenye shughuli. Alipewa kigoda na kisu, akamenya vitunguu vya pilau saa mbili na zaidi, amejikunja vilevile kama juu ya mbuzi. Asubuhi yake hakuweza kuvaa viatu. Alilia. Aliamini kila kitu kimeanza upya, na wale waliosema alale wakarudi kusema alale.

Kano iliyojeruhiwa, siku chache za mwanzo huvimba. Kisha mwili huanza kutandika nyuzi mpya, kazi inayochukua kuanzia wiki ya kwanza mpaka karibu ya sita, na nyuzi hizo mwanzoni hukaa ovyo kama makuti yaliyorundikwa. Baadaye, kwa miezi mingi, hata mwaka, hujipanga kufuata mwelekeo wa kazi unayozipa. Siku ya 19 maumivu yamepungua, lakini nguvu bado. Mtu anajisikia amepona kabla kano haijakomaa, na hapo ndipo wengi huanguka. Nilimpima tena: hakuna ganzi, mguu una nguvu, mahali panapouma ni palepale. Haikuwa jeraha jipya. Ilikuwa kano changa iliyovutwa saa mbili. Tulirudi kwenye matembezi ya uani na baraza, siku mbili, bila kumlaza. Siku ya 3 akawa pale alipokuwa kabla ya harusi. Lawama sikumpa yeye. Niliwaendea wenzake wa kikundi cha shughuli, nikawaomba kwa miezi mitatu wampe kazi ya kusimama: kupakua, kukaribisha wageni, kusimamia chungu. Walikubali bila maneno, wakashangaa tu kwamba hakuna aliyewaambia mapema.

Baada ya hapo tuliipandisha kazi yake kutoka sakafuni. Fundi seremala alichomoa lile chuma la mbuzi akalikaza kwenye ukingo wa meza nzito, usawa wa kitovu chake, akawa anakuna amesimama. Siku mbili za kwanza alichukia, mikono ilimuuma. Ya tatu akazoea. Beseni la kukandia unga lilipanda mezani pia. Jiko la mkaa liliwekwa juu ya matofali yaliyojengwa hadi kiunoni. Ufagio wa njiti ulifungwa kwenye mpini mrefu. Ndoo ya lita 20 ikawa mbili za lita 10, moja kila mkono, na kama ni ya kichwani basi atwikwe na atuliwe, asijitwike. Gharama yote, pamoja na fundi, haikufika aliyolipa kwa picha na sindano.

Na tukabadilisha mpangilio wa alfajiri. Mwaka 1998 Snook na wenzake huko Marekani waliwafundisha watu wenye maumivu ya muda mrefu ya mgongo wasiiname saa za mwanzo baada ya kuamka, na maumivu yao yakapungua. Sasa shangazi akiamka hutawadha kwa maji yaliyowekwa juu ya kiti, husali, hutembea mpaka kona ya barabara na kurudi, huwasha jiko, hupasha mbaazi. Nazi huzikuna mwisho, karibu saa kumi na mbili kasoro. Wateja hupata mbaazi nusu saa baadaye kuliko zamani, na hawajahama.

Wiki ya 4 alianza kuuza mbaazi tu, maandazi wiki ya 6. Maumivu ya kila siku yaliisha kwenye wiki ya 8. Ugumu wa asubuhi ulibaki mpaka mwezi wa 4, na bado humrudia akisafiri kwa basi kwenda Dar bila kusimama njiani. Mazoezi ya magoti na ya ubavu anaendelea nayo mara 3 kwa wiki, na binti yake pembeni.

Ilikuwa Ijumaa ya wiki ya 7 nilipompigia simu, akachelewa kupokea. Akaniambia alikuwa anasali adhuhuri, chini, kwenye mkeka, na kile kiti ameshampa jirani aliyejifungua juzi.